Uzoefu wangu: kuzungushwa vyuo vya Boston na familia nzima, bibi akiwemo

Wenye watoto darasa la kumi na moja huku Massachusetts mnajua, ikifika likizo ya Aprili kazi ni moja tu, kuzunguka vyuo. Natoa maoni yangu hapa maana nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata kitu, kila mtu anaandika habari za ada na viza, hakuna anayesema ukweli kwamba haya matembezi ni vichekesho vitupu na wachekeshaji ni sisi wazazi.

Huduma yenyewe ni bure. Unajiandikisha kwenye tovuti ya chuo, mnakalishwa ukumbini kwanza mnasikiliza watu wa udahili, halafu mnakabidhiwa mwanafunzi awazungushe. Sasa huyo mwanafunzi anatembea kinyumenyume ili awaangalie usoni akiwa anaongea, ndio mtindo wao. Sisi tulikuwa mimi, baba watoto, binti mwenye safari yake, mdogo wake wa kiume, na mama mkwe ambaye alikuwa amekuja kutoka Tanga kutusalimia na akasema haachwi nyumbani.

Yaani mama alivyomuona yule msichana anarudi nyuma kuelekea ngazi, akapiga kelele "mwanangu geuka utaanguka!" Msichana hajui Kiswahili, akatabasamu akapunga mkono akaendelea kurudi nyuma. Mama akasema hapana, huyu mtoto ana mama yake mahali, akapenya kundi zima mpaka mbele akamshika mkono. Basi matembezi yote wakaenda hivyo, mmoja anarudi nyuma anaeleza maabara, mwingine anaenda mbele anamwongoza na bismillahi kila kwenye kona, na watu wakaona ndio utaratibu wa chuo. Binti yangu alishahamia kwa familia nyingine akasimama nao kabisa.

Harvard ilikuwa zamu ya baba watoto. Huyu bwana ana sweta lake la kofia alilonunua mitumba pale Karume miaka hiyo, zito, zuri, analipenda kuliko mimi, akalivaa siku hiyo kwa sababu ya baridi. Kifuani limeandikwa YALE. Sasa hawa Harvard na Yale ni Simba na Yanga, wanacheza mpira wao wa Kimarekani tangu 1875 na hawajachokana. Kila tunapopita mtu anacheka, mzee mmoja akamwambia bwana umepotea, treni ya kwenda New Haven, mji wa Yale, iko kule. Yeye anajibu kwa furaha "thenki yu" akidhani anasifiwa. Fikiria hilo sweta lilitoka Marekani kwenye robota, likauzwa Ilala, likapanda ndege kurudi, likaja kuaibishwa hapo uwanjani.

Halafu kuna sanamu la John Harvard, maarufu sana, kiatu chake kimeng'aa kwa kushikwa na wageni wanaotafuta bahati. Wenyewe wanaliita sanamu la uongo mara tatu: limeandikwa mwanzilishi na yeye hakuanzisha, alitoa mali na vitabu tu, limeandikwa 1638 na chuo ni cha 1636, na hata sura si yake maana picha yake hakuna, mchongaji alimkalisha mwanafunzi mmoja mwaka 1884. Mama akauliza, chuo cha kusoma kinaanzaje na uongo? Hakuna aliyemjibu. Baba watoto akakishika kiatu kwa mikono miwili na dua ndefu, ndipo binti akamnong'oneza kwamba inasemekana wanafunzi usiku huwa wanakikojolea. Pakiti nzima ya tishu iliisha hapo hapo.

Tufts ndiyo niliyoipenda kuliko zote na sababu ni tembo. Mnyama wao wa nembo ni Jumbo, yule tembo wa sarakasi ya P. T. Barnum aliyegongwa na treni kule Kanada 1885, na Barnum alikuwa mfadhili wa chuo kwa hiyo akawapa ngozi yake imejazwa, ikasimama pale miaka na miaka mpaka jengo likaungua 1975. Mtu akaenda kuchota majivu akayatia kwenye kopo la siagi ya karanga, na kopo hilo lipo hadi leo idara ya michezo, wachezaji wanalishika kabla ya mechi wapate bahati. Sasa mtu wa Tanga umwambie habari ya majivu ya tembo kwenye kopo! Mama alisimama, akatutazama mmoja mmoja, akasema "kumbe na hawa wana kamati ya ufundi." Tulicheka mpaka kundi likatuacha.

MIT, kile chuo cha teknolojia, sina mengi, ukumbi mrefu, watoto wenye akili, ila pale karibu kuna daraja la Harvard kwenye mto Charles ambalo wanafunzi walilipima 1958 kwa kumlaza chini mwenzao Oliver Smoot, wanachora mstari, anasogea, wanamlaza tena, likatoka na urefu wa Smoot 364.4 na sikio moja. Alama zipo mpaka leo zinapakwa rangi upya. Kijana wangu akataka naye apimiwe, mama akamkamata shati, "mume wangu halazwi barabarani." Baba watoto akaanza, yaani ada yote hiyo mtu analazwa darajani, huyo aliishia wapi? Aliishia kuwa rais wa ISO, shirika la viwango la dunia nzima. Kimya.

Ada sasa. Ukumbini baba watoto alinyoosha mkono akauliza bei mbele za watu, akaambiwa bila msaada ni zaidi ya dola 80,000 kwa mwaka, akageuza kwa shilingi kwa sauti, milioni mia mbili huko, watu wakageuka. Lakini alifanya vizuri kuuliza maana ndipo tulipoelezwa kwamba kuanzia mwaka wa masomo wa 2025 Harvard na MIT hawatozi ada ya masomo familia yenye kipato chini ya dola 200,000, na chini ya 100,000 hata chakula na malazi wanabeba wao. Kwa hiyo msione aibu, ulizeni.

Kuna chuo kingine sikitaji, mwongozaji akaeleza hosteli zao wavulana na wasichana ghorofa moja. Mama akauliza, "mke mwenzangu, anasemaje?" Binti bila kupepesa, "anasema kila ghorofa ina jiko, bibi." Mama akafurahi sana. Baba watoto akashikwa na kikohozi ambacho hakikuisha mpaka kwenye maktaba.

Nyota nne kwa tano. Moja nimeikata kwa chuo hichohicho, kundi kubwa, kijana ana sauti ya chini, upepo unavuma, nusu ya maelezo nimeyasoma midomoni. Na gari acheni nyumbani, paking ni vita, treni ya Red Line inawashusha Harvard na Kendall kwa ajili ya MIT, ya Tufts ni Green Line ya Medford/Tufts mpaka mwisho. Mkimbeba bibi bebeni na kiti cha kukunja.