F-150 au Highlander: ipi inaifaa familia ya Lubumbashi?

Jambo yenu, watazamaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na ninyi mnaotufuata kutoka Kipushi. Nyuma yangu kuna magari mawili: Ford F-150 ya milango minne, na Toyota Highlander haibridi, yaani yenye injini ya esansi pamoja na mota ya umeme. Yote mawili yametoka Marekani, yanakunywa esansi, na usukani uko kushoto. Swali mnaloniandikia ni lilelile: "Niko na pesa ya gari moja tu, nikamate pikapu ao jeep?"

Jibu langu: familia nyingi za mji huu, kamateni jeep, yaani Highlander hii. Na wewe ambaye kazi yako ni mizigo kila siku, usikimbilie F-150 kwa sababu ya ukubwa wake. Hapo ndipo watu wanapoteza akiba ya miaka, na ndiyo maana nimewaletea video hii.

Sogeza kamera hapa, kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mnaona karatasi hii ndogo iliyobandikwa? Inataja uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba, watu na mizigo kwa pamoja. F-150 ya namna hii, yenye kabini kubwa na 4x4, mara nyingi inaandikwa kati ya kilo 700 na 850. Pandisha watu wazima watano, kila mmoja kilo 75: tayari ni kilo 375. Ikiwa karatasi inasema 775, unabaki na kilo 400. Hiyo ni mifuko kumi na sita ya unga wa kilo 25, basi. Sasa geuka uangalie Hilux dabo kabini ya mazuti, ile tunayoiona kila asubuhi ikielekea migodini. Ni ndogo kuliko hii, lakini inabeba karibu tani moja.

Inakuwaje gari kubwa libebe kidogo? Kule kwao pikapu hii inapendwa kwa kuvuta. F-150 yenye injini ya V6 ya lita 3.5 na turbo mbili, ikiwa na vifaa vyake vyote vya kuvutia, inaweza kukokota zaidi ya tani 6: boti, nyumba ya magurudumu, trela la farasi. Huko ina haki yake, na pikapu za F-Series, familia ya F-150, ndizo zinazouzwa kuliko pikapu zote Marekani tangu 1977. Lakini hapa kwetu nani anavuta trela? Sisi tunapakia nyuma. Tunapakia saruji, mahindi, makala ya kupikia. Makala sawa, ni mepesi na yanataka nafasi tu. Saruji ya kilo 50 kwa mfuko ni hesabu nyingine kabisa.

Jambo la pili ni bodi. Tangu modeli ya 2015, bodi ya F-150 ni ya aluminiamu. Haishikwi na kutu kama chuma, na hiyo ni sifa nzuri. Lakini siku ukigongwa, fundi wako wa bodi aliyezoea kupiga chuma na kuchomelea chuma hawezi kuitengeneza kwa vifaa vilevile. Aluminiamu inataka mashine yake, waya wake na gesi yake. Kabla ya kulipa, nenda ukamuulize fundi wako uso kwa uso: umeshawahi kuchomelea aluminiamu? Akisitasita, umepata jibu.

Na upana! Pima geti la lupango yako leo, usingoje gari lifike. F-150 hii ina urefu wa karibu mita 5.9, na upana wa zaidi ya mita 2 kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Kugeuka inataka duara la karibu mita 14 na nusu. Highlander inatosheka na 11 na nusu hivi. Mkiishi komini ya Katuba ao ya Kenya, kwenye njia za ndani ambako mchuuzi ameweka meza yake na watoto wanacheza, tofauti hiyo mtaiona kila siku.

Twende kwenye jeep. Fungua mlango wa nyuma. Safu tatu, watu saba, au wanane kwa baadhi ya modeli. Safu ya mwisho ni ya watoto, mtu mzima mwenye miguu mirefu atateseka hapo. Na safu hiyo ikiwa imesimama, nafasi ya mizigo ni ndogo, karibu lita 450: mifuko ya sokoni na begi mbili. Ukiilaza unapata sakafu ndefu iliyo kavu, hata mvua ya Januari ikinyesha. Unga wako hauloani, na bibi haketi nyuma kwenye upepo.

Esansi ndiyo inayonifanya nisimame upande wa Highlander bila wasiwasi. Kwa vipimo vya Marekani, haibridi ya 4x4 inatumia karibu lita 6.7 kwa kilomita 100, na F-150 ya lita 3.5 yenye 4x4 karibu 12. Kwenda Kolwezi, kilomita 300 na kitu, moja inakula lita 20 hivi na nyingine 36. Katika msongamano wa mjini haibridi inazidi kushinda, kwa sababu unaposimama injini inazimika.

Lakini mnisikilize vizuri, Highlander si gari la potopoto. Tumbo lake liko sentimita 20 tu kutoka ardhini, na magurudumu ya nyuma yanasukumwa na mota ya umeme peke yake, hayajaungwa na injini. Njia mbovu ya mjini itaipita. Shamba lililo mbali na lami ya Kasenga, mwezi wa pili, usithubutu. Pine ya akiba ni ile nyembamba ya muda. Nunua pine kamili. Halafu kuna vumbi letu la kiangazi: betri ya haibridi inapozwa na hewa inayovutwa kupitia matundu karibu na viti vya safu ya pili. Matundu hayo yasafishwe, na msiyafunike kwa mifuko wala nguo. Betri ikipata joto siku zote inakufa mapema, na bei yake inaumiza.

Kwa hiyo mwenye shamba, achana na haya yote mawili. Tafuta Hilux ya mazuti, ao Prado ya mazuti ikiwa watoto ni wengi na mfuko unaruhusu. Vipuri vyake vipo, na mafundi wanaijua.

Anayevuka Kasumbalesa mara kwa mara akumbuke kwamba Zambia wanaendesha kushoto. Ukiwa na usukani wa kushoto, kulipita lori kule ni hatari. Awepo mtu pembeni wa kukuangalizia.

Mwisho, magari ya Marekani mengi yanauzwa baada ya ajali ao mafuriko. Chukua namba ya shasi, tarakimu na herufi 17, utafute historia yake kabla ya kutuma dola hata moja. Ukiona neno "salvage", yaani gari lililohesabiwa kuwa limeharibika mno, uliza kilichotokea. Inua zulia, pitisha mkono kwenye reli za viti. Ukikuta kutu ao tope kavu mahali ambapo maji hayafiki, gari hilo lilizama. Liache, hata bei iwe tamu namna gani.

Niandikieni chini mtaa wenu, idadi ya watu nyumbani na mzigo mnaobeba kwa wiki. Nitawajibu mmoja mmoja.