Uzoefu wangu: Lushoto hadi Mtae kwa miguu, siku tatu na mwongozaji wa kule kule

Huduma ninayoizungumzia ni matembezi ya siku tatu na kulala mara mbili njiani katika milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga: unatoka mjini Lushoto, unapita msitu wa Magamba hadi Lukozi, kesho yake Rangwi, na siku ya mwisho Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa milima. Vikundi vya waongozaji wa Lushoto ndio wanaoiuza. Kwa mtu anayependa kutembea na kula chakula cha mahali, sijaona safari ya bei yake inayoishinda. Ila mengi yanaamuliwa kabla hujafunga begi.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo watu wanapokwaruzana. Nilipewa bei moja ya jumla, "kila kitu ndani", halafu njiani nikadaiwa nauli ya kurudi na sehemu ya kiingilio cha msitu. Sikitaji kikundi, kwa sababu wengi hupanga bei hivyo hivyo. Dawa yake ni kudai mchanganuo kwa maandishi, hata kama ni kwa WhatsApp: posho ya mwongozaji kwa siku, kiingilio cha msitu, malazi ya kila usiku, milo (mingapi, na ipi), na gari la kurudi. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kwa hiyo kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo (control number) na risiti hutoka. Raia analipa kidogo kuliko mgeni kutoka nje, basi beba kitambulisho. Na maliza malipo hayo ungali mjini, jana yake, kwa sababu ukishaingia kwenye mabonde mtandao unakuja na kuondoka.

Siku ya kwanza ni ya kupanda. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi, na msitu unakupandisha hadi mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Humo ndani kuna miti mikubwa ya mikulo, mbega weusi wenye mabega meupe, na vinyonga. Hapa ndipo utamjua mwongozaji mzuri. Wangu alikuwa akitembea taratibu, jicho lake likiwa kwenye vichaka vya usawa wa kifua upande wenye jua, na alipomwona kinyonga hakumshika wala hakumkatia tawi. Alisogea pembeni, akaelekeza kwa kidole, akangoja hadi kila mtu amwone. Mwongozaji anayemng'oa kinyonga tawini ili mpige naye picha, mwambie aache. Mnyama yule hubadilika rangi na kuwa mweusi kwa sababu amebanwa.

Siku ya pili na ya tatu miguu inaumia kwa kushuka. Kila bonde unalipita kwa kushuka hadi mtoni na kupanda tena, na udongo mwekundu wa kule ukilowa unateleza kama sabuni. Raba za mjini zenye soli laini hazifai. Vaa viatu vyenye meno, vilivyokwishazoea mguu wako, na kata kucha za vidole vya miguu siku mbili kabla. Kabla ya mteremko mrefu, simama ufunge kamba upya: gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma ya kiatu, legeza kidogo kamba za mbele, kisha kaza tundu mbili za juu karibu na kifundo. Usipofanya hivyo, kila hatua inasukuma vidole kwenye ncha ya kiatu, na kufika Rangwi kucha za vidole gumba zimeshaanza kubadilika rangi. Fimbo moja ya kukatiwa na mwongozaji inapunguza mzigo kwenye magoti. Begi lisizidi kilo saba, maji yakiwa ndani yake: lita mbili kwa mtu zinatosha Juni hadi Agosti, ila Januari beba tatu. Kila siku ni saa tano hadi sita za kutembea, mbali na mapumziko, kwa hiyo anzeni saa mbili asubuhi.

Chakula sasa. Nisingekubali kamwe kifungashio cha biskuti na soda, ambacho baadhi ya waongozaji hukiita "lunch". Usambara ni bustani ya mboga na matunda. Kula vya pale. Makande ya mahindi na maharage yaagizwe jana yake au alfajiri, si mkishafika. Kwenye mita 1,900 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage makavu yanachukua muda mrefu kuiva kuliko ulivyozoea Dar es Salaam. Ukiagiza saa moja jioni utakula saa nne usiku, au utaletewa wali kwa haraka. Omba pia mnavu, na asubuhi magimbi ya kuchemsha kwa chai ya tangawizi. Rangwi hulala wageni kwa masista, na meza yao ndiyo niliyoipenda kuliko zote njiani: mboga zinatoka shambani kwao. Matunda yana msimu wake. Kuanzia Desemba hadi Februari utakuta matunda damu, mafyulisi na peasi kwenye ndoo kando ya njia, kwa bei inayokufanya ununue mengi mno. Nunua ya kula siku hiyo tu, yanapondeka begini.

Kuhusu majira, epuka masika ya Machi hadi Mei. Juni na Julai njia ni kavu na usiku ni baridi kweli. Sweta moja haitoshi, na si kila nyumba ya wageni ina blanketi la pili. Uliza.

Ongeza nusu siku kwa ajili ya Irente, kabla ya safari kuanza. Ni kilomita sita hivi kutoka mjini, na pale juu ardhi inakatika karibu mita 1,000 hadi tambarare za Mazinde. Usiende alfajiri, ukungu unaziba kila kitu. Kuanzia saa nne ukungu huo unapanda na kupotea, na jua likiwa bado nyuma yako tambarare inaonekana vizuri. Jioni jua linakupiga usoni. Njiani kuna shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri, KKKT, wanakouza mkate wa rai, jibini, jamu na juisi ya pasheni. Chakula cha mchana chao ni bora, lakini toa oda mapema.

Kurudi kutoka Mtae, mnakolala usiku wa tatu, magari huondoka kabla ya jua kuchomoza, na ukilikosa la asubuhi huenda ukapoteza siku nzima. Weka nafasi jioni mnapofika, mwongozaji akiwapo. Jibini ya kupeleka nyumbani inunuliwe Lushoto mwishoni kabisa, ifungwe kwa magazeti kadhaa na kuwekwa katikati ya nguo, kwa sababu kilomita 33 chini, pale Mombo, joto ni jingine kabisa.