Miaka mitano Chiromo na Kabete: uzoefu wangu wa kusomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi

Binti ya mjomba wangu ameitwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kozi ileile niliyosoma mimi, na tangu apate barua simu yangu haitulii. Mjomba anauliza karo, mkewe anauliza usalama, naye binti mwenyewe anataka kujua kama ni kweli mtu hupewa ng'ombe mzima ampasue. Nimeona niandike yote mahali pamoja, maana najua ziko nyumba nyingi zenye maswali hayohayo.

Nianze na jambo ambalo ningependa kuambiwa mapema. Ukiitwa Chuo Kikuu cha Nairobi, hujaitwa mahali pamoja. Mwaka 2014 tulitoka Voi usiku, mimi na Baba, tukiwa na sanduku la bati na godoro lililofungwa kamba ya katani. Alfajiri tukashuka mjini, tukauliza yunivasiti iko wapi, tukaelekezwa hadi lango la University Way. Askari wa lango akaisoma barua yangu, akamrudishia Baba kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, huyu msichana si wa hapa. Huyu ni wa Kabete. Rudini stejini mpande gari linalopita Waiyaki Way." Barua ilikuwa imeandika hivyo waziwazi, lakini macho yetu yalikuwa yameishia kwenye neno Nairobi. Njia nzima Baba alikuwa kimya, godoro magotini, akitazama mji unavyopungua dirishani. Nadhani alikuwa anajiuliza kama kweli bado tunaenda chuo kikuu.

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake liko kwenye historia. Hebu niieleze kidogo, kwa sababu bila hiyo mpangilio wa chuo hiki hauleti maana.

Chuo hiki hakikuanza kama chuo kikuu, wala hakikuanza kuwa cha Kenya peke yake. Mwaka 1951 ilitolewa hati ya kifalme ya kuanzisha chuo cha ufundi cha Afrika Mashariki yote. Wakati huohuo jamii ya Wahindi wa ukanda huu ilikuwa inachanga fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi. Kujenga vyuo viwili kwenye mji mmoja kulionekana hasara, basi wakaunganisha nguvu, na Royal Technical College ikapokea wanafunzi wake wa kwanza Aprili 1956. Sanamu ya Gandhi iliyoko kampasi kuu ilizinduliwa mwaka huohuo. Wengi hupita mbele yake kila siku wakidhani ni pambo.

Mwaka 1961 kikawa Royal College Nairobi, na wanafunzi wakawa wanasomea digrii za University of London. Kisha ikaja 1963, chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki chenye matawi matatu: Makerere, Dar es Salaam na Nairobi. Hapa ndipo kozi yangu inapoingia. Nchi tatu ziligawana kazi ili zisirudie gharama. Makerere ilikuwa na udaktari wa binadamu, Dar es Salaam ikashika sheria, Nairobi ikapewa uhandisi na udaktari wa mifugo. Kijana wa Mbarara au wa Mwanza aliyetaka kutibu ng'ombe kwa digrii ilimbidi aje Kabete. Nikiwa mwaka wa nne nilikutana na daktari mstaafu kutoka Arusha aliyesomea hapo enzi hizo. Aliniuliza habari za mti fulani ulio karibu na zizi la mazoezi kama mtu anayeulizia jirani wa utotoni. Ule muungano ulivunjika 1970, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake, na baadaye majirani wakafungua vitivo vyao vya mifugo. Lakini sisi tuliosoma baadaye tumerithi kitu kilichojengwa kwa ajili ya watu wa nchi tatu, na naamini hilo bado linaonekana kwenye mafunzo.

Basi kutawanyika. Miaka ya themanini chuo kiligawanywa koleji sita, na kila moja ikakaa karibu na kazi yake au mahali palipokuwa na nafasi. Afya ikakaa kwenye Hospitali Kuu ya Kenyatta, ualimu Kikuyu, sayansi Chiromo, kilimo na mifugo Upper Kabete. Uhandisi na usanifu wa majengo vikabaki kampasi kuu, na fani za jamii zikagawanyika: sehemu kampasi kuu, sheria Parklands, biashara Lower Kabete. Mimi niliingia chini ya mpangilio huo. Koleji yetu ilikuwa na mkuu wake palepale Kabete, na chini yake vitivo viwili, cha Kilimo na cha Udaktari wa Mifugo. Mwaka 2021 koleji zikaondolewa, na sasa kila kitivo kinasimama chenyewe na mkuu wake. Kwa hiyo binti yetu, ukisikia wakubwa wako wakitaja koleji, jua wanazungumzia mambo ya zamani. Wewe ofisi yako ni ya kitivo, na chini yake ziko idara. Idara ndiyo utakayoijua kwa undani.

Idara ya kwanza niliyoijua ilinitoa machozi kwa maana halisi ya neno. Wakati wetu, ingawa barua ilituita Kabete, masomo ya msingi ya miaka ya mwanzo yalikuwa Chiromo, na hapo ndipo ilipo anatomia ya wanyama. Formalini ya kuhifadhia maiti za wanyama huchoma macho na pua, hushika nywele, na hata baada ya kuoga unaisikia kwenye mto. Wiki ya pili nilikaribia kumpigia Baba simu nimwambie nimeshindwa.

Kilichonibakiza ni mfupa. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kukufumbisha macho, akakuwekea mfupa mkononi na kusema, "Niambie ni wa mnyama gani, na ni wa kulia au wa kushoto." Siku yangu ilipofika alinipa mfupa wa bega. Nikaupapasa. Bapa pana, ukingo mrefu umesimama katikati kama ukuta, na mwisho wa ukuta ule kidole changu kikagonga ncha ndogo inayochomoza. Ng'ombe ana ncha ile, farasi hana. "Ng'ombe," nikasema. "Wa kushoto." Akaniambia nifumbue macho, akauchukua mfupa wake, akaenda kwa mwenzangu. Hakusema neno, na mimi sikuhitaji neno. Tangu siku ile formalini haikunisumbua tena kwa namna ileile.

Idara hiyohiyo ndiyo aliyofundisha Wangari Maathai. Watu wanamjua kwa miti na kwa tuzo ya Nobel ya 2004, lakini kwetu yeye ni mwalimu wa anatomia kwanza. Shahada yake ya uzamivu aliipata hapa Nairobi 1971, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika daraja hiyo, na baadaye akaiongoza idara. Kwa msichana aliyetoka Voi na sanduku la bati, kujua kwamba mwanamke kama yeye alivuta formalini ileile ilikuwa faraja ambayo siwezi kuieleza ikatosha.

Ukimaliza msingi unahamia Kabete, na hapo kozi inabadilika sura. Kuna kliniki ya wanyama wadogo, wengi wao mbwa na paka wa mjini. Kuna maabara za patholojia, ambako unajifunza kumsoma mnyama aliyekufa ili kuwaokoa waliobaki. Somo la afya ya umma na ukaguzi wa nyama linaonekana kavu darasani, ila ndilo linalowapa wengi kazi za kaunti. Na kuna gari la kliniki linalotoka kwenda kwa wafugaji. Kama nikilazimika kutaja kitu kimoja kinachofanya kozi hii istahili miaka mitano, nitataja gari hilo.

Asubuhi moja ya Julai tuliitwa upande wa Wangige. Ng'ombe wa maziwa aliyezaa siku mbili kabla alikuwa amelala, shingo kaipinda imelalia ubavu, masikio ya baridi kama chuma. Mwenye ng'ombe alikuwa cucu mmoja, yaani bibi kwa Kikuyu, mwenye leso kichwani, amemshikia ndama mlangoni mwa zizi. Nilimwamkia shikamoo kwa mazoea ya nyumbani. Akacheka kidogo, akanijibu kwa Kikuyu, kisha kwa Kiswahili akasema, "Daktari, huyu ndiye analipa karo ya wajukuu wangu."

Ilikuwa homa ya maziwa. Jina linadanganya, kwa sababu mnyama hana joto lolote. Ni kalsiamu ya damu iliyoshuka ghafla kwa sababu imekimbilia kwenye maziwa. Tuliipasha chupa ya dawa kwenye beseni la maji vuguvugu, daktari wetu akatafuta mshipa wa shingo, akaweka sindano, kisha akanipa mimi chupa niishike. "Polepole," akasema. "Ukiimwaga kwa haraka moyo utasimama mkononi mwako." Mwenzangu alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, kifaa cha kusikilizia moyo masikioni, akihesabu kwa sauti. Nilikuwa nashusha chupa kidogo kila anaposita kuhesabu. Chupa ikafika nusu, misuli ya ng'ombe ikaanza kutetemeka ubavuni. Akacheua. Pua iliyokuwa kavu ikalowa matone. Muda mfupi baada ya kutoa sindano akajikusanya, akanyanyua nyuma kwanza kama ng'ombe wote wafanyavyo, akasimama huku anayumba. Cucu alimwachia ndama, akaja akanishika mikono yote miwili, na mikono yangu ilikuwa michafu hadi kwenye viwiko.

Jioni nilimpigia Baba nikamweleza. Ndipo nilipoelewa kwa nini askari wa lango alitupeleka kule. Udaktari wa mifugo haukuwekwa Kabete ili kuufukuza mjini. Umewekwa kati ya watu wenye ng'ombe, kama udaktari wa binadamu ulivyowekwa kwenye hospitali kubwa. Umbali uliomnyamazisha Baba garini ndio ulionipa mshipa wa shingo wa kushika. Najua sasa mashamba yale yanageuka majumba ya kupanga mwaka hadi mwaka, na inaniuma, kwa sababu kila zizi linalovunjwa pale ni darasa linalofungwa.

Sasa maswali ya mjomba.

Karo: enzi zetu mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa shilingi 16,000 za masomo kwa mwaka, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, ulisaidia malazi na chakula. Mfumo wa ufadhili ulibadilishwa 2023, kwa hiyo msitumie hesabu yangu. Someni barua yake, maana kiasi hutegemea hali ya familia. Wekeni kando fedha za ovaroli, koti jeupe, gambuti na vifaa vya kupasulia. Haviepukiki.

Muda: ni miaka mitano, na mtu ajitayarishe moyoni. Marafiki zangu wa kozi za miaka minne walivaa joho nikiwa bado kwenye samadi. Inauma siku ile, kisha inapita.

Malazi nayasema kwa uchungu. Mwaka wa tatu niliamua kupanga chumba nje na wenzangu wawili. Mwenye nyumba mmoja, simtaji, alichukua amana ya miezi miwili kwa maneno matupu, maji yakawa yanakuja siku moja kwa wiki, na tulipohama akasema hatukumpa chochote. Hatukuwa na risiti wala ujumbe wa simu wa kumwonesha. Amana ile ilikuwa fedha ya mbuzi wawili wa Mama. Mkewe mjomba, usalama uliouliza uanzie hapo: mtoto asitoe shilingi mkononi. Alipe kwa simu, ahifadhi ujumbe, na mkataba uandikwe hata kama ni wa ukurasa mmoja. Na mwaka wa kwanza akae bweni, asubuhi zile za mapema zinahitaji kitanda kilicho karibu.

Kwa jumla, chuo hiki na kozi hii ningevirudia kesho. Ningependa tu nifike nikijua ninakwenda Kabete.

Na wewe binti, kuhusu ng'ombe mzima: ndiyo, utampasua, ila mtakuwa kundi, kila mmoja na sehemu yake, na hamtaanza siku ya kwanza. Kata kucha, funga nywele, usiende na tumbo tupu. Ovaroli nunua mbili, moja ikifuliwa nyingine unavaa. Gambuti chukua namba moja juu ya kiatu chako, maana Kabete mwezi wa saba ina baridi kali na utavaa soksi mbili.