Mashine ya gemu ya kununua Mwanza: kwa nini Switch 2 haiko namba moja

Nintendo Switch 2 ilipoingia sokoni tarehe 5 Juni 2025, ziliuzwa zaidi ya milioni 3.5 duniani ndani ya siku nne. Hata hivyo lawama hazikukoma. Watu walilalamikia bei ya dola 449.99, gemu ya Mario Kart World kwa dola 79.99, na zaidi zile kadi ambazo ndani hamna gemu, ila ufunguo wa kukuruhusu kuipakua mtandaoni. Miezi saba nyuma, PS5 Pro, PlayStation ya bei ya juu ya Sony, ilikuwa imepokelewa kwa kelele hizohizo: dola 699.99, na mlango wa CD haumo.

Malalamiko hayo yalitoka zaidi Marekani na Ulaya, lakini mnunuzi wa Mwanza yanamhusu kuliko waliolalamika. Kwa intaneti ya Mbps 10, gemu ya GB 80 inachukua karibu saa 18 mfululizo, umeme usikatike na bando lisiishe. Kwa hiyo orodha hii tumeipanga kwa maswali matatu. Inasoma CD? Fundi wa mjini hapa anaiweza? Jirani anayo, ili mbadilishane gemu?

1. PS4 Slim iliyotumika, lakini nzima

Ilitoka mwaka 2016 na bado ndiyo mashine ya watu wengi. Gemu ya mpira ya EA Sports FC 26 ya mwaka 2025 imetolewa hadi kwa PS4, na eFootball ni ya bure, kucheza na mtu mtandaoni hakuhitaji kulipia PS Plus, usajili wa Sony wa kucheza mtandaoni. CD zake zimezagaa. Ukiichoka gemu unaiuza au unabadilishana. Hard disk yake ni ile ya inchi 2.5 ya SATA inayotumika kwenye laptop. Ikifa, unavuta kifuniko kidogo cha nyuma kwenye kona, unafungua skrubu moja, unavuta hard disk na fremu yake, unaihamishia fremu hiyo kwenye hard disk nyingine. Kisha unarudisha mfumo kwa flash: folda iitwe PS4, ndani yake UPDATE, ndani yake faili la PS4UPDATE.PUP. Faili hilo lipakue kwenye tovuti ya Sony, na liwe lile kubwa la kusakinisha upya, si lile dogo la kusasisha.

Kazi iko kwenye kuikagua. Usinunue mashine iliyowashwa dakika mbili ukaonyeshwa menyu. Sema tu, "Kaka, tuiache icheze nusu saa," na muuzaji mwenye mali safi hatakataa.

Weka gemu nzito na usikilize feni. Ikianza kuvuma kwa nguvu ndani ya dakika kumi, ama vumbi limejaa au pesti ya kupozea imekauka. Hilo linatibika, lishushie bei. Ikijizima yenyewe, ondoka.

Picha ikiwa kwenye TV, gusa waya wa HDMI taratibu upande wa mashine. Picha ikipotea na kurudi, tundu limelegea au miguu yake imeachia kwenye bodi. Mashine inayowaka taa nyeupe huku TV ikiwa giza mara nyingi ina ugonjwa huohuo, na dawa yake ni kubandua tundu kwa hewa ya moto na kuchomelea jingine. Mpe fundi mwenye kifaa hicho. Fundi wa kutumia pasi ya kawaida ya risasi atang'oa njia za umeme za bodi. Taa ya bluu inayopepesa bila kugeuka nyeupe ni habari mbaya zaidi; achana nayo.

Ingiza CD na uitoe mara tatu. Kisha ingia kwa akaunti yako ya PSN, mtandao wa Sony wa PlayStation. Ikikataa na kuandika WS-37397-9, jaribu kwa intaneti ya simu nyingine. Ikirudia, mashine hiyo imefungiwa na Sony. Na ukikuta imejaa gemu ishirini bila CD wala akaunti iliyozinunua, ujue imechezewa mfumo: ukiisasisha gemu hizo zinagoma, ukiipeleka mtandaoni inaweza kufungiwa.

Halafu washa tochi ya simu, umulike matundu ya nyuma. Tafuta punje nyeusi ndogo kama kahawa iliyosagwa. Huo ni uchafu wa mende. Wanapenda pawasaplai ya PS4 kwa sababu ina joto na giza, na uchafu wao ukipata unyevu unapitisha umeme na kuunguza saketi. Inusishe pia: harufu ya mende haijifichi.

Sisi wa kando ya ziwa tuna adui mwingine. Wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi hufuata taa usiku, na kwa anayekaa Igombe, Kirumba au Nansio huingia ndani kwa maelfu. Feni huwanyonya, wanakwama kwenye mapezi ya chuma ya kupozea, vumbi linawashika, na baada ya miezi michache kunakuwa na zulia la kijivu linaloziba hewa. Jioni ya wadudu, funga dirisha la upande wa ziwa kabla ya kuwasha. Usifunike mashine kwa kitambaa ikiwa inawaka. Iache sentimita 10 kutoka ukutani. Kila miezi sita ifungue kwa bisibisi ya nyota T8 yenye tundu katikati, na unapopuliza zuia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi na hewa inaweza kuharibika.

2. PS5 Slim yenye mlango wa CD

Kama fedha ipo, hii ndiyo ya kununua mpya. Inasoma CD za PS4, kwa hiyo akiba yako ya zamani haipotei, na Grand Theft Auto VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. Hakikisha ni ya CD: upande mmoja wa mashine umetuna na una mwanya. Mlango wa Slim unachomolewa, na mara ya kwanza unahitaji intaneti ili utambulike na mashine, hivyo fanyia usajili huo palepale dukani. Kwenye PS5 ya kwanza ya mwaka 2020, saketi ya mlango imeoanishwa na bodi yake. Usinunue yenye mlango mbovu ukitegemea kuazima wa mashine nyingine.

Mambo mawili huwashtua wanunuzi. Padi ya PS4 haichezi gemu za PS5 hata ikiunganishwa, kwa hiyo bajeti ya wachezaji wawili ihesabu padi ya pili. Na hard disk ya nje ya USB inachezesha gemu za PS4 tu. Za PS5 inazihifadhi bila kuzicheza. Kuongeza nafasi ya kweli kunataka SSD ya M.2 ya Gen4, diski ndogo ya kasi inayochomekwa ndani ya mashine, yenye kipoozeo.

Anayekuambia usubiri bei ishuke, mkumbushe kwamba Agosti 2025 Sony ilipandisha bei Marekani kwa dola 50, mashine ikiwa na karibu miaka mitano sokoni.

3. Switch 2

Nzuri kwa watoto, na ina betri: Nintendo yenyewe inataja takriban saa 2 hadi 6.5, kwa hiyo umeme ukikatika au ukiwa kwenye meli ya kwenda Ukerewe mchezo unaendelea. Inasoma kadi nyingi za Switch ya zamani. Lakini wenye kadi hapa ni wachache, na kuongeza nafasi kunataka microSD Express, kadi ya kumbukumbu ya kasi zaidi. Ile ya kawaida ya simu haitahifadhi gemu. Kabla ya kulipia kadi angalia chini mbele ya kasha: ukiona alama ya ufunguo, ndani hamna gemu.

4. Xbox Series S

Bei yake inavutia, mlango wa CD haina kabisa. Hata kuianza tu inadai intaneti, na kati ya GB 512 unabaki na takriban 364.

5. PS5 Pro

Kwa TV ya inchi 32 isiyo ya 4K, tofauti utakayoiona haiendani na fedha hiyo.

Umeme na akaunti

PS5 na TV hula takriban uniti moja ya LUKU kwa saa nne; PS4 Slim hufika karibu saa nane. Kinachoua mashine hizi zaidi ni umeme unaporudi kwa kishindo. Tumia kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, au chomoa mwenyewe. UPS ya 650VA inatosha PS4 Slim na TV hadi uhifadhi mchezo na kuzima. Kwa PS5 anzia 1000VA.

Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, kwa hiyo wengi hufungua akaunti ya Afrika Kusini au Marekani. Chagua moja na ubaki nayo: kadi ya kuongeza salio ya nchi nyingine haikubali, na nyongeza za gemu lazima zitoke eneo moja na CD yako.

Ukiagiza Kariakoo, muuzaji apige picha namba ya mashine na ya boksi kabla ya kufunga, na mkubaliane mapema nani anabeba hasara ikivunjika njiani. Basi likifika Nyegezi, fungua boksi mbele ya wahusika wa mizigo, linganisha namba, kisha ndiyo usaini.