Boksi la APO/FPO la posta ya Marekani: linafaa kwa zawadi za Krismasi na Idi?

Mwenye mtoto, mke au ndugu katika jeshi la Marekani aliyepangwa Djibouti, Kuwait, Korea Kusini au melini hana njia nyingi za kumfikishia zawadi ya sikukuu. Kampuni binafsi za vifurushi kwa kawaida hazifiki kwenye anwani za kijeshi. Inabaki USPS, posta ya Marekani, ambayo hukabidhi mzigo kwa posta ya jeshi. Katika huduma zake, inayostahili kuangaliwa kwanza ni boksi la Priority Mail APO/FPO Large Flat Rate, yaani boksi kubwa la bei moja la kutumia kwenye anwani za posta ya jeshi. Kwa mzigo mzito ni huduma bora sana. Kwa mzigo mwepesi ni kutupa pesa, na aliyechelewa halitamsaidia.

Boksi lenyewe ni bure. Unacholipia ni usafirishaji. Ndani lina inchi 12 kwa 12 kwa 5.5, yaani karibu sentimita 30 kwa 30 kwa 14. Bei ni moja mradi uzito usizidi ratili 70, kama kilo 32, na hailingani kabisa na bei za kutuma ng'ambo: ni bei ya ndani ya Marekani, tena na punguzo dogo. Punguzo hilo ni la boksi hili kubwa tu, la ukubwa wa kati halina. Viwango hubadilika, hivyo angalia bei ya siku hiyo kwenye tovuti ya USPS. Kupitia tovuti hiyohiyo unaweza kuagiza pia, bila malipo, seti ya kijeshi yenye maboksi makubwa mawili, ya kati mawili, selotepu, lebo na mahitaji ya forodha. Iagize mapema Oktoba, maana nayo huja kwa posta.

Sasa uzito. Pakiti mbili za unga wa ugali za kilo 2, majani ya chai, chai masala, Royco, korosho na karanga: hapo boksi linajilipa. Ukijaza krispi za muhogo na soksi, utakuwa umelipia hewa. Mzigo wa namna hiyo utie kwenye boksi la kawaida na uulize bei ya Ground Advantage, huduma nyingine ya USPS inayohesabiwa kwa uzito, ila ujue ni ya polepole mno. Na unga upeleke tu kwa aliye kambini penye jiko, kama Ujerumani au Korea. Aliye kwenye hema hana pa kusongea ugali. Uache kwenye pakiti yake ya kiwandani, kwa kuwa unga mweupe ndani ya mfuko usio na maandishi utawatia wakaguzi wasiwasi.

Vyakula vya nyumbani vichaguliwe kwa ukavu wake. Visheti vilivyokauka vizuri na kashata za karanga huvumilia safari. Mandazi, chapati na kaimati huota ukungu kabla ya kufika, na kashata za nazi huanza kunuka mafuta. Chokoleti usiipeleke kwenye nchi za joto hata Desemba, kwa sababu kinachoiyeyusha ni kontena lililoachwa juani. Kosa linaloharibu mizigo mingi kimyakimya ni sabuni: ikikaa na biskuti wiki tatu, biskuti zote zitakuwa na ladha ya sabuni. Vipodozi vyote viende kwenye boksi lao. Ukikosa boksi la pili, vifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki yenye zipu.

Anwani ndiyo inayopoteza vifurushi vingi. Mstari wa kwanza ni jina kamili la mwanajeshi, wa pili ni namba ya kikosi au sanduku lake, yaani Unit, PSC au CMR kama alivyokuandikia yeye. Wa tatu una APO (jeshi la nchi kavu na la anga), FPO (wanamaji) au DPO (balozi), kisha herufi mbili na ZIP (namba ya msimbo wa posta). AE ni Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati. AP ni Pasifiki. AA ni sehemu kubwa ya mabara ya Amerika. Usiandike jina la nchi, mji wala kambi. Ukiandika "Djibouti" au "Kuwait", mzigo unaweza kuchepuka ukaingia kwenye posta ya kiraia ya nchi hiyo, na kuurudisha huwa kazi. Andika anwani hiyohiyo kwenye karatasi uiweke ndani, kama lebo ya nje itabanduka. Wala usiibandike mtandaoni kuomba watu wamchangie zawadi. Hilo ni suala la usalama wake.

Forodha haikwepeki kwa sehemu kubwa ya vifurushi hivi. Fomu 2976-R unayojaza kwa mkono ni ya kumsaidia karani kuingiza taarifa kwenye kompyuta. Haibandikwi peke yake. Eleza kila kitu, idadi, uzito na thamani yake: "majani ya chai, pakiti 2" au "soksi za pamba, jozi 6". Neno "zawadi" peke yake halitoshi. Ukitumia Click-N-Ship, mfumo wa USPS wa kulipia na kuchapa lebo mtandaoni, ukiwa nyumbani, lebo na fomu huchapwa pamoja na unaepuka foleni ya Desemba, ambayo ni sababu tosha ya kujifunza mfumo huo.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii ni masharti yake. Kila ZIP ya kijeshi ina yake, na mteja ndiye anayetakiwa kuyatafuta kwenye tovuti kabla ya kufunga boksi. Pombe hairuhusiwi popote. Makopo ya kupulizia na betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, pamoja na pawabenki, yaache. ZIP nyingi za nchi za Kiislamu hukataa nyama ya nguruwe ya aina yoyote, hata iliyokaushwa kama vitafunio. Matunda mabichi na mimea sahau. USPS wangeweza kumwonyesha mteja masharti haya papo hapo anapoandika ZIP kwenye lebo. Kumwachia asake orodha ndefu yenye misimbo si haki.

Kuhusu muda, miaka ya karibuni tarehe ya mwisho ya Ground Advantage kwa Krismasi imekuwa mwanzoni mwa Novemba, na ya Priority Mail karibu Desemba 9. Huduma ya haraka, Priority Mail Express Military, husogea hadi katikati ya Desemba lakini haifiki ZIP zinazoanza na 093. Ukitaka utulivu, tuma kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya Marekani ya mwishoni mwa Novemba. Wenye ndugu Waislamu wakumbuke kwamba hakuna anayetangaza tarehe ya mwisho kwa ajili ya Idi. Hesabu mwenyewe wiki tano nyuma kutoka siku yenyewe, na tende zitangulie zaidi zikihitajika wakati wa Ramadhani.

Kufunga ni rahisi: jaza nafasi zote hadi kusiwe na kinachocheza, kisha piga selotepu kwenye maungio yote, juu na chini. Boksi lifunge kwenye mikunjo yake lenyewe. Ukilipanua kwa selotepu litoke tumbo, karani ana haki ya kulikataa.

Kama humjui mwanajeshi kwa jina, huduma hii haikufai. Vifurushi vya "kwa askari yeyote" vilisimamishwa mwaka 2001. Pitia mashirika kama Operation Gratitude, yenye orodha yake ya vitu vinavyopokelewa.

Ufuatiliaji usiutegemee sana. Taarifa mara nyingi hukoma mzigo ukitoka Marekani, na ukimya wa wiki mbili haumaanishi umepotea. Priority Mail ina bima ya hadi dola 100, lakini kwa anwani za kijeshi madai hayapokelewi kabla ya siku 45 tangu kutuma, wala baada ya mwaka mmoja. Weka risiti na picha ya vitu kabla ya kufunga, hadi mwenyewe aseme limefika.