Kabla Hujanunua Jiwe la Kunolea Wembe wa Kukunja

Wembe wangu wa kwanza wa kukunja niliuokota kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, hapa Mwanza, mpini umepasuka lakini chuma kizima. Nikaupeleka kwa mnoa visu wa baiskeli. Cheche zikaruka, nikafurahi kama mtoto. Nyumbani nikaona doa la buluu kwenye makali. Chuma kikishapata moto hadi kubadilika rangi, ugumu wake umeondoka, na makali hayakai tena. Wa pili ndio ninaonyolea mpaka leo, na vifaa vyake ningevinunua kwa mpangilio huu.

Hela ya kwanza iende kwenye ngozi. Watu hukimbilia jiwe, kumbe mara nyingi makali hayajaisha, yamelala tu, na ngozi huyanyoosha. Usukumani ngozi ya ng'ombe haina tabu: mwombe fundi viatu kipande laini kisicho na kovu, upana wa vidole vinne, urefu kama sentimita 45. Kifunge kwenye kitasa cha mlango, ukivute kikaze, kisha pitisha wembe ukiwa umelala bapa, mgongo ukitangulia. Ukifika mwisho ugeuze juu ya mgongo wake, usiuinue. Ngozi ikilegea inaviringisha makali, ndipo unapoanza kumlaumu aliyekuuzia. Mimi hupitisha mara 30 hadi 50 kabla ya kunyoa.

La pili ni jiwe la maji la pande mbili, namba 1000 na 6000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni ndogo zaidi), kama la kampuni ya King. Wengi husifia la Norton la 4000 na 8000, na kweli ni zuri, ila kwa wembe ambao bado una sura. Wa mtumba huja na mapengo, na 4000 itakuchosha mkono kabla hujayamaliza. Hapa makali ndiyo yanatangulia, kinyume cha kwenye ngozi, na mgongo usiachie jiwe. Jiwe nalo huliwa katikati. Lichore mistari ya penseli, ulisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo, hadi mistari yote ifutike.

La tatu ni ile dawa ya kijani, oksidi ya kromiamu. Paka kidogo kwenye kipande kingine cha ngozi, si kile cha kila siku, upitishe wembe mara kumi. Inaondoa ule mkwaruzo unaobaki baada ya 6000, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na jiwe la 12000. Hilo la 12000, pamoja na mawe ya asili ya Ubelgiji, nayaita starehe.

Mkiani naweka jiwe la kijivu la duka la vifaa vya ujenzi. Panga na jembe, sawa. Na kwa kuwa tuko Mwanza, kuna atakayesema majabali yamejaa uani, ya nini kununua? Graniti ina chembe kubwa. Wembe utatoka na meno kama msumeno.

Ongeza kichupa cha mafuta ya cherehani, maana unyevu wa ziwa hula chuma hiki usiku mmoja. Na wembe huu ni wa uso wako tu, usimwazime mtu: homa ya ini B hupita kwenye tone la damu usiloliona. Kuujaribu, ushikilie juu kidogo ya ngozi ya mkono. Vinyweleo vikikatika bila kuvutwa, chemsha maji unyoe.