Uzoefu wangu: kuchota data na picha kwenye databesi ya Met mpaka ikawa ripoti

Nimekaa na databesi ya The Metropolitan Museum of Art, makumbusho ya sanaa ya New York, wengi tunaita Met tu, kama miezi miwili hivi sasa. Naandika maana wakati naanza nilitafuta mtu aliyeeleza kwa Kiswahili namna ya kuiuliza na kutoka na ripoti yenye picha, sikumpata. Maelezo mengi yanaishia kwenye kusachi. Sasa kusachi si kazi, kazi ni pale watu wanataka karatasi mkononi: picha, jina la kitu, kipindi chake, kimetengenezwa kwa nini, namba yake ya usajili, nani alikitoa, yote kwenye ukurasa wake na picha ya huyu isiende kukaa kwa yule.

Ripoti yangu ilikuwa ya viboko, yani viboko wa mtoni. Kikundi chetu cha kusoma sanaa ya kale kilitaka kumfuata mnyama mmoja tu na kuona watu wa zama tofauti walimchonga vipi, na kwa Misri ya kale kiboko utamkuta sana maana Nile ilikuwa imejaa.

Nianze na yaliyonipata kabla, ndo utaelewa kwa nini nasifia hapa. Kazi kama hii nilishaifanya kwenye mfumo wa makumbusho nyingine ambayo siitaji. Kule picha hazikuwa ndani ya databesi, kwenye rekodi kuliandikwa njia ya faili tu, folda fulani ndani ya kompyuta fulani, na hiyo kompyuta ilishaondolewa zamani. Unaandika kweri yako (swali unaloiuliza databesi) vizuri, rekodi zinakuja 300, unabonyeza kutoa ripoti, inatoka imepangika kabisa ila ina viboksi vyeupe 300 pale picha zilipotakiwa kukaa. Iliniuma, maana kazi ya wiki nzima ilikuwa ya kuonyesha watu na hakukuwa na cha kuonyesha. Tangu siku hiyo databesi yoyote ya makumbusho nikiigusa naanza na swali la picha iko wapi na naruhusiwa kuitumia au la, mengine baadaye.

Met maswali yote mawili yamejibiwa ndani ya rekodi yenyewe. Tangu Februari 2017 picha zao za kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha wameziachia kwa CC0, leseni ya matumizi huru, maana yake unazichukua, unazichapa, hata ukiuza kitabu chako hakuna wa kukuuliza wala huombi ruhusa. Alafu Oktoba 2018 wakafungua API, yani mlango wa programu kuuliza data moja kwa moja, na hauhitaji ufunguo wala kujisajili. Unaandika anwani kwenye brauza ya kawaida na majibu yanakuja hapohapo. Kwa mtu anayeanza hii ni faraja kubwa sana, unajaribu swali lako kwanza kwa macho kabla hujaandika hata mstari mmoja wa skripti, yani programu ndogo ya kukufanyia kazi hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Kuna hatua mbili na lazima uzielewe mapema la sivyo utapoteza muda. Ukisachi, unachorudishiwa ni idadi na orodha ya namba tu, objectIDs. Hakuna jina, hakuna picha, namba tupu. Alafu kila namba unairudisha peke yake kuomba rekodi yake kamili. Kwa hiyo ukipata vitu 400 ni maombi 400 mengine. Wameweka kikomo cha maombi 80 kwa sekunde, ambacho kwa ripoti ya mtu mmoja ni kingi, mimi niliweka skripti yangu, niliyoiandika kwa lugha ya Python, ipumzike kidogo kila baada ya ombi na haikusumbua.

Makosa yangu yalikuwa kwengine kabisa. Siku ya kwanza skripti ilikuwa inashusha rekodi na picha na kuzishika kwenye memori tu, haiandiki popote, ilipofika katikati intaneti ikakatika. Nikaanza moja. Ikakatika tena. Mara ya tatu ndo nikakaa chini nikafikiri: kila rekodi ikishuka iandikwe kwenye faili lake kwa jina la namba yake, na kabla ya kuomba, skripti iangalie kwanza kama faili lipo. Mistari minne tu ya kodi. Tangu hapo ikikatika naendelea nilipoachia, na uzuri mwingine ni kwamba ukitaka kubadilisha muonekano wa ripoti, na utabadilisha mara kumi, huendi tena kusumbua seva ya watu kwa kitu ambacho unacho tayari kwenye diski yako.

Sasa kweri yenyewe. Nilianza na neno hippopotamus na sharti la hasImages=true, yani vyenye picha tu, nikaongeza departmentId=10 ambayo ni idara ya sanaa ya Misri. Orodha ikaja ndefu kuliko nilivyotegemea, nikafurahi, nikashusha zote. Kufungua picha naona kiboko, kiboko, alafu fimbo bapa iliyopinda. Nyingine tena. Nikadhani nimechanganya namba na picha, nikarudi kukagua skripti karibu saa nzima. Kumbe skripti haina kosa, ile fimbo imetengenezwa kwa meno ya kiboko! Wamisri walikuwa na fimbo za kinga za namna hiyo, wamezichora wanyama na viumbe vya kulinda watu, na malighafi yake ni jino la kiboko lenyewe. Neno lilikuwa kwenye sehemu ya medium, yani kitu kimetengenezwa kwa nini, na kusachi kwa kawaida kunapekua sehemu nyingi kwa pamoja, hakujui wewe unamtaka mnyama au jino lake.

Ningeweza kuzitupa, sikuzitupa. Nilizitenga kwa kuangalia medium, nikaziwekea sura yake mwishoni mwa ripoti, na niseme ukweli hiyo sura ndo watu waliikalia muda mrefu kuliko zote siku tunapitia. Ila ukitaka mnyama peke yake, kuna namna ya kuliambia swali lipekue vitambulisho vya mada tu, unaongeza tags=true, inabana vizuri. Inaweza kubana kupita kiasi pia maana si kila kitu kimewekewa vitambulisho, hivo mimi naendesha kweri mbili, pana na nyembamba, naangalia tofauti kwa macho. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni miaka. Chukua yule kiboko wao maarufu wa buluu, wenyewe wamembatiza William, namba yake ya kuombea rekodi ni 544227 na ya usajili ni 17.9.1. Ana urefu kama sentimita 20, wa fayansi, yani unga wa mawe ya kwazi uliochomwa ukatoka na ngozi ya kung'aa, na mwilini amechorwa maua ya majini, yale anayotembea katikati yake mtoni. Alitoka kwenye kaburi la mtu aitwaye Senbi huko Meir. Miguu yake mitatu ilivunjwa makusudi zamani ili asije akamdhuru marehemu huko aendako, ikaja kutengenezwa upya baadaye. Ukiangalia kwenye rekodi, kipindi kimeandikwa mara mbili, mara moja kwa maneno kwa ajili ya binadamu, ca. 1961–1878 B.C., na mara ya pili kwa namba kwa ajili ya kompyuta: mwanzo -1961, mwisho -1878. Hasi. Yani miaka kabla ya Kristo ni namba hasi.

Mara ya kwanza sikuona maana yake, nikapanga ripoti kwa ile ya maneno. Ikatoka vurugu, vyote vyenye "ca." vimekaa pamoja, karne ziko zimechanganyika, kitu cha enzi za Warumi kimetangulia kitu kilichokizidi umri kwa miaka elfu mbili. Nikabadilisha nikapanga kwa objectBeginDate, ile namba ya mwanzo, na viboko wote wakajipanga mstari kuanzia wa kale kabisa kushuka mpaka wa karibuni. Kwenye maelezo chini ya picha naandika ile ya maneno, kwenye kupanga natumia ile ya namba. Ukichukua kitu kimoja tu kwenye andiko langu lote chukua hicho. Na ukitaka kuchuja kwa miaka kwenye kweri yenyewe, dateBegin na dateEnd, yani mwaka wa kuanzia na wa kuishia, zinakwenda pamoja, huwezi kuweka moja ukaacha nyingine.

Tuje kwenye picha zenyewe. Kila rekodi ina sehemu ya primaryImage ambayo ni linki ya picha kubwa, primaryImageSmall ambayo ni ndogo ya kwenye wavuti, na additionalImages za pembe nyingine. Mimi kwa tamaa nilichukua kubwa zote. Ripoti ya kurasa arobaini na kitu ikawa faili zito haliendi kwa imeili wala halifunguki kwenye simu za wenzangu, na ukilichapa huoni tofauti yoyote maana picha kwenye ukurasa ina upana wa kiganja tu. Nikarudi kwenye zile ndogo, faili likashuka, watu wakafungua. Kubwa nimeacha kwa vitu vitatu tu ambavyo nilitaka vijaze ukurasa, William akiwa mmojawapo, maana ile mistari ya maua mgongoni inabidi uione kwa karibu.

Alafu kuna nafasi tupu. Kitu ambacho bado kina hakimiliki, isPublicDomain (sehemu inayosema kama ni huru kwa wote) inakuja false, yani hapana, na primaryImage inakuja haina kitu, hata kama kwenye tovuti yao picha unaiona. Si hitilafu, ndivyo ilivyokusudiwa. Kwa hiyo skripti yako iulize kwanza kabla ya kupachika picha, la sivyo inakwama katikati au inakutolea vile viboksi vyeupe vyangu vya zamani. Mimi nimeiandikia kwamba pasipo na picha iweke mstari mmoja, "picha haijaachiwa kwa matumizi huru, itazame kwenye tovuti ya makumbusho", na linki ya kitu iwekwe hapo, rekodi inayo tayari. Msomaji anajua hujasahau.

Wale wasiotaka API kuna faili moja kubwa la CSV, yani jedwali la maandishi matupu, wameliweka GitHub, tovuti ya kuhifadhi kodi na data, lenye rekodi zaidi ya 470,000, unalifungua kwenye programu ya data unachuja utakavyo. Kwa kuhesabu na kutengeneza majedwali ni zuri sana. Ila picha hamna humo, kwa hiyo kwa ripoti ya picha utarudi kwenye API tu, mimi nachujia kwenye CSV alafu namba nilizozipenda ndo napeleka kule.

Nimejaribu pia makumbusho ya Art Institute of Chicago kwa ajili ya kulinganisha na hao nao wako vizuri mno, sehemu nyingine wamenipa raha zaidi. Kule ombi moja linakuletea rekodi hadi 100 na unataja mwenyewe sehemu unazozitaka kwa fields, hubebi mzigo usiouhitaji. Picha zao ziko kwa mtindo wa IIIF, kanuni ya kutoa picha mtandaoni, ambapo saizi iko ndani ya anwani ya picha, wanashauri upana wa pikseli 843 maana ndo unaotumika sana na mara nyingi uko tayari kwenye kashe, yani nakala iliyokwishaandaliwa. Na kuna alt_text, maelezo ya picha kwa asiyeona, ambayo niliyaingiza moja kwa moja kwenye ripoti. Angalizo moja la leseni: data yao ni CC0 lakini ile sehemu ya description ni CC BY, ukiinakili lazima uwataje. Bila kujisajili kikomo ni maombi 60 kwa dakika, hivo weka mapumziko ya kutosha.

Kwenye Met CC0 haikulazimishi kutaja chochote, lakini mimi chini ya kila picha naweka namba ya usajili na ile creditLine, mstari wa nani alikitoa. Kwa William inasomeka zawadi ya Edward S. Harkness, 1917. Inachukua mstari mmoja tu wa herufi ndogo, na mwenzetu mmoja aliyeshika ripoti iliyochapwa alitumia hiyohiyo 17.9.1 kumtafuta William kwenye tovuti, akampata palepale, akaanza kunionyesha picha za upande wa tumbo ambazo mimi sikuzishusha. Hizo ziko kwenye additionalImages. Toleo la pili la ripoti nimeziongeza.